Nyama ya mjomba na risasi iliyomo

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Mbeya kwenda Iringa kumsalimia bibi. Nilimkuta jikoni, sufuria ya nyama ya swala inachemka, na mjomba kakaa pembeni. Alikuwa ametoka kuwinda kwa kibali upande wa Pawaga.

Mjomba anapenda sifa kidogo. Alimpiga swala yule mita kama 100, nyuma ya bega, risasi moja tu. Marehemu babu na gobori lake, alisema, asingethubutu. Ni kweli. Mtutu wa gobori ni laini ndani na gololi hutoka ikiyumba, ndiyo maana babu alinyata mpaka hatua thelathini. Bunduki ya mjomba ina mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu, kwa hiyo risasi hutoka ikizunguka kama pia ya watoto. Pia ikizunguka kwa kasi haianguki. Risasi isiyozunguka vya kutosha hupepesuka, shabaha ikapotea, na mnyama akakimbia na jeraha.

Tatizo langu lilikuwa kwenye sufuria. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kinachotoka kwenye bunduki na kwa madini yaliyomo ndani yake. Ile ya mjomba huruka zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti, na ikigonga mfupa humeguka vipande vidogo visivyoonekana, vikatawanyika mbali na tundu. Kuchemsha hakuviondoi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi, hasa ubongo, ni watoto wadogo na walio tumboni.

Nilimwambia mjomba akate nyama yote ya kuzunguka jeraha, kwa upana, aitupe. Asimpe hata mbwa. Au atumie risasi za shaba tupu. Hizo ni ndefu zaidi kwa uzito uleule na zinataka mzunguko mkali zaidi, kwa hiyo amuulize kwanza fundi kama mtutu wake unazifaa.

"Babu yako kala nyama ya porini miaka sabini," alijibu akicheka.

Ningeweza kumwambia kwamba gololi ya gobori huenda polepole, haimeguki sana. Sikusema. Bibi alikuwa ameshaanza kupakua.

"Mimi nitakula majani ya maboga tu, bibi."

Bibi, ambaye hajawahi kuniona nikikataa nyama, aliweka upawa chini, akanitazama kuanzia usoni mpaka tumboni.

"Miezi mingapi?"