Ufunguo Juu ya Msumari

Mwaka jana waliniita katika skuli moja hapa Wete niwatazamie mashine yao. Mimi si fundi. Linux nimejifunza baada ya kustaafu, kwa kukosa usingizi. Ilikuwa kompyuta kuukuu iliyogeuzwa seva, ina Ubuntu, na juu yake Moodle, ile programu ya masomo ambayo Martin Dougiamas wa Australia aliitoa mwaka 2002. Wanafunzi walisoma masomo vizuri, lakini kila aliyepeleka kazi yake alikataliwa. Siku ya mwisho ya kupokea kazi ilikuwa kesho yake.

Kijana aliyeitunza akasema, "Mwalimu, naipiga chmod 777, yaishe." Nikamshika mkono.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, ufunguo wa kabati la alama niliuacha juu ya msumari, walimu wasinisumbue. Mwisho wa muhula alama za mtoto mmoja zilikutwa zimefutwa na kuandikwa upya. Nikamfukuza skuli. Baada ya miaka nikajua kuwa hakuwa yeye. Amekwishafariki, wala sikuwahi kumtaka radhi.

Basi nikamwuliza kijana: nani anaandika? Akajibu, wanafunzi. La. Mwanafunzi haigusi diski. Anayemwandikia ni programu ya seva, na katika Ubuntu hiyo hufanya kazi kwa jina la www-data. Tukapiga ls -l ndani ya moodledata. Folda zote zilikuwa za www-data isipokuwa filedir, panapowekwa mafaili: hiyo ilikuwa ya root, 755. Hesabu yake ni nyepesi: kusoma 4, kuandika 2, kuingia 1, tarakimu ya kwanza ya mwenyewe, ya pili ya kundi, ya tatu ya walimwengu wote. Hapo www-data alikuwa mlimwengu tu, asome lakini asiandike. Kijana akakumbuka: wiki iliyopita alirudisha folda hiyo kutoka nakala ya akiba kwa sudo, na kila kilichorudi kikawa cha root.

Akabadilisha mwenyewe kwa chown, akaweka 750 kwenye folda na 640 kwenye mafaili. Kwa 777, programu yoyote humo, na yeyote mwenye kuingia katika mashine, angeweza kufuta kazi ya mtoto bila ya kujulikana. Tukajaribu kwa jina la mwanafunzi wa majaribio, kazi ikapokewa.

Akaniuliza mbona nilitokwa na jasho. Nikamwambia chumba kina joto.