Upande wa Abiria

Katikati ya tairi la mbele la Land Cruiser ya zamani kuna kidude cha duara cha chuma, unaweza kukifunika kwa kiganja. Kimeandikwa maneno mawili ya Kiingereza: FREE na LOCK. Pale Arusha, mji ambao nusu ya magari yake yanaonekana kama yanaenda Serengeti, unaweza kukua ukiyapita magari haya kila siku na usijue kile kidude ni cha nini. Kinaitwa habu.

Kwa kawaida gari hili husukumwa na tairi za nyuma. Habu zikiwa FREE, tairi za mbele zinabingirika zenyewe tu kama za mkokoteni, na ekseli, difu na propela ya mbele vinapumzika. Ukizungusha kidude kwa mkono hadi LOCK, tairi linashikana na ekseli yake. Hapo ndipo ile gia fupi ya pili ndani ya gari, ile ya fowili, inapopata maana. Ukiivuta bila kuloki habu, propela ya mbele itazunguka, ekseli zitazunguka, na tairi za mbele zitakuangalia.

Wazo lenyewe lilitokana na ubahili, na mimi naupenda ubahili wa namna hiyo. Mwaka 1948 Mmarekani Arthur Warn alianza kutengeneza habu hizi kwa ajili ya Jeep zilizobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Watu walikuwa wamelinunua gari la vitani ili waende nalo sokoni, kwa nini walipie petroli ya kuzungusha vyuma visivyo na kazi?

Mimi nimezijua habu kwa sababu ya maji. Utafiti wangu wa uzamili unahusu floridi katika chemchemi za upande wa Ngare Nanyuki, nyuma ya Mlima Meru. Jina hilo ni la Kimaasai, maana yake maji mekundu. Ukitokea mjini unapita kwanza Maji ya Chai. Wazee waliotaja sehemu hizi waliyaangalia maji kabla ya kutaja. Rangi waliiona, lakini floridi haionekani. Inatoka kwenye miamba na majivu ya volkano ya Meru, na unaiona baadaye sana, kwenye meno ya watoto. Mimi nimekulia Usa River na meno yangu ya mbele ni ya kahawia. Bwenini niliulizwa kama navuta sigara.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki. Na chemchemi mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana sana, ndiyo maana inabidi upime moja moja, kiangazi na masika. Namba za kiangazi peke yake ni nusu ya jibu. Kwa hiyo nalazimika kupanda huko mwezi wa nne, wakati kila mwenye akili anashuka.

Dereva wetu tunamwita Mzee. Aliendesha watalii miaka mingi kabla ya kuja kutuendesha sisi na chupa zetu. Safari ya kwanza, tulipoiacha lami, alisimamisha gari pakavu kabisa, akashuka upande wake. Mimi nikabaki kitini.

"Binti," akaniita kutoka chini, "huko kwako nani ataloki?"

Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo habu ya kushoto ni ya abiria. Hiyo ni sheria yake, na ina sababu ya kiufundi. Difu hupeleka nguvu mahali penye wepesi. Habu moja ikiwa LOCK na nyingine FREE, mzunguko wote unakimbilia upande ulio huru, unazungusha ekseli isiyoshika kitu, na tairi lililofungwa halivuti hata sentimita. Mzee anaweza kuloki ya kwake vizuri kabisa, na gari likakwama kwa sababu ya mkono wangu.

Wakati mwingine habu inagoma, alama inafika nusu tu. Basi gari linasogezwa kidogo mbele au nyuma, meno ya ndani yanapatana, inaingia. Ukirudi ndani unasema, "Kushoto tayari." Hajawahi kushuka kuhakikisha. Chuoni kila namba yangu inapitiwa na watu watatu, na sawa, ndivyo sayansi inavyotakiwa. Lakini sijui kama kuna mahali pengine watu hunichukulia neno langu kama lilivyo.

Mwanafunzi mwenzangu aliona ni usumbufu: tusubiri tukwame ndipo tushuke. Mzee alimjibu kwamba ukishakwama, habu iko chini ya tope. Kuna magari ambayo kazi hii inafanywa kwa swichi, na mwenzangu anayasifu sana. Mimi nashangaa kwamba siyatamani. Kitabu cha Toyota kinashauri fowili itumike walau kilomita 16 kila mwezi ili vyuma vya mbele vipate mafuta. Mzee anaihesabu kama tarehe ya kodi. Na tukikaribia lami kavu, fowili inatolewa, maana kwenye kona tairi za mbele na za nyuma haziendi mwendo sawa na vyuma vitavutana.

Mwezi wa nne, kwenye chemchemi ya nne, mama mmoja alisubiri nijaze chupa zangu, kisha akauliza, "Sasa tuchote wapi?" Mtoto wake alikuwa anatabasamu, mdomo umefungwa. Tabasamu hilo nalijua. Nilimwambia nitarudi na jibu la masika yote, mwezi wa tano.

Mwezi wa tano goti la Mzee lilikuwa limevimba. Tulifika kwenye korongo la mwisho kabla ya chemchemi ile, maji ya jana usiku bado yanashuka. Hakushuka. Nililoki kushoto, nikazunguka mbele ya gari, nikaloki kulia, halafu nikavua viatu nikaingia korongoni. Niliporudi dirishani kwake miguu ilikuwa ya kahawia hadi chini ya magoti.

"Pakoje huko?"

"Ukingo wa kulia umekatika. Kushoto kuna changarawe. Kina hakifiki magotini."

"Na habu?"

"Zote mbili, Mzee."

Akavuta fowili, akaweka gia ya kwanza, akashika kushoto.