Mke aliyevuka mto: anajulikana jikoni, anasahaulika kliniki

Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, humkuta kila mwanamke anayeolewa mbali na kwao. Katika vijiji vya Ngara vilivyo jirani na mpaka humkuta mapema zaidi. Binti aliyezaliwa upande wa Muyinga, Burundi, akiolewa Kabanga, huimbiwa siku ya harusi, na wiki inayofuata yuko shambani na wifi zake anapalilia maharage. Jembe anajua kulishika, ndizi anajua kuzimenya, na anachoambiwa anakielewa. Ndiyo maana ni rahisi nyumba nzima kusahau kwamba ni mgeni.

Kusahau huko kuna gharama yake, ingawa haionekani siku ya harusi. Huonekana anapopata ujauzito wa kwanza, anapopewa dawa bila kuelezwa, mtoto anapoanzishiwa chakula, na siku afisa anapomuuliza kitambulisho.

Undugu unaoficha ugeni

Ngara inapakana na nchi mbili. Kupitia Kabanga unaingia Burundi, na kupitia daraja la Rusumo unaingia Rwanda. Mto Ruvubu unaotoka Burundi hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kihangaza na Kishubi ni lugha zenye undugu wa karibu na Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba mama mkwe wa Kihangaza na mkwe wake Mrundi wanaweza kuzungumza tangu siku ya kwanza bila mkalimani.

Historia nayo imewachanganya watu. Kwa siku mbili tu, Aprili 28 na 29, mwaka 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakikimbia nchi yao, na eneo la Benaco likageuka kuwa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani wakati huo. Warundi nao walikimbilia wilayani humo kwa vipindi tofauti. Mwishoni mwa 1996 Wanyarwanda walio wengi walirudishwa kwao. Lakini kuoleana kulikuwapo kabla ya kambi na kunaendelea hadi leo, kwa sababu soko ni moja na mashamba yanatazamana.

Linganisha na Mtanzania anayeolewa Korea Kusini. Huko hakuna anayeweza kusahau kwamba ni mgeni: sura inasema, lugha inasema, na sahani ya kimchi mezani inasema. Mwaka 2008 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuzisaidia familia zenye wazazi wa mataifa tofauti, na vituo vyake hufundisha lugha, hutoa ushauri na kusaidia tafsiri. Akijifungua, mila ya huko ni kumlisha supu ya mwani iitwayo miyeok-guk, na kwa kuwa hajawahi kuila, atauliza na kuelezwa ni ya nini. Mke wa Kabanga hapati maelezo, kwa sababu uji anaopewa unafanana na wa kwao na kila mtu anadhani anajua.

Chungu kimoja, mazoea tofauti

Ndizi na maharage vinaliwa pande zote mbili za mto, pamoja na ugali wa muhogo, viazi vitamu na kisamvu, ambacho Warundi hukiita isombe. Tofauti ni ndogo ndogo, lakini mtu huzihisi kila siku. Aliyezoea maharage yaliyokolea mawese akiyakuta yamechemshwa kwa chumvi tu, hula kidogo. Aliyezoea dagaa wa Ziwa Tanganyika hukutana na dagaa na sato wa Ziwa Victoria. Akila kidogo mwezi wa kwanza, huambiwa ana aibu ya ukwe. Akila kidogo mwezi wa nne akiwa mjamzito, hilo si jambo la aibu tena, maana damu yake na uzito wa mtoto viko hatarini.

Wenyeji nao wana mengi ya kumfundisha. Muhogo mchungu una sumu, na usipolowekwa siku za kutosha na kukaushwa vizuri unaweza kumdhuru mlaji. Mama mkwe anayesisitiza muhogo ukae majini hadi ulainike analinda nyumba nzima, na mkwe akielezwa sababu ataacha kuliona sharti hilo kama ukali.

Hata chakula cha wenyeji hubadilika. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani Kagera mwaka 2006, familia nyingi zilizotegemea ndizi zimelazimika kuongeza muhogo na mahindi. Nyumba iliyokwisha kubadilisha chungu chake kwa ajili ya mnyauko haiwezi kushindwa kuongeza kijiko cha mawese kwa ajili ya mke.

Kata ya pombe

Jaribio gumu zaidi huja kwenye sherehe. Pombe ya ndizi ni heshima ya Kagera, kama ilivyo ng'ambo ya mto. Mkwe akipewa kata na baba mkwe mbele ya wazee, kuikataa kunaweza kutafsiriwa kuwa dharau, tena kutoka kwa mtu wa mbali. Lakini mjamzito hapaswi kunywa pombe hata kidogo, kwa sababu inapita hadi kwa mtoto tumboni na inaweza kumwathiri maisha yake yote.

Mke mgeni hana ndugu wa kumsemea hapo. Dada zake wako Muyinga, na shangazi aliyemfunda yuko mbali. Mwenye sauti ni mumewe, na neno lake linatosha: "Baba, mama huyu ana mgeni wenu tumboni, mpeni juisi ya ndizi." Mzee aliyelea watoto ataelewa. Mume akinyamaza, mke huchagua kati ya mtoto na ukwe, na wengi wao hunywa.

Lugha ya nyumbani haifiki kliniki

Mke huyu anaelewana na wifi zake, na hapo ndipo familia inapojidanganya. Kwenye zahanati lugha ni Kiswahili, na aliyekulia kijijini Burundi huenda anajua kile cha sokoni tu. Anaweza kuuliza bei ya nyanya lakini asiweze kusema kwamba tangu jana mtoto amepunguza kucheza tumboni.

Chukua vidonge vya kuongeza damu, ambavyo kila mjamzito hupewa. Huweza kumfanya apate choo cheusi, jambo lisilo na madhara. Asiyeelezwa kwa lugha anayoielewa hushtuka, huviacha, na kadi yake huendelea kuonyesha kwamba alivipokea. Mwingine huvimeza kwa chai ya rangi, bila kujua kwamba chai hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Maji, au tunda kama chungwa, vingemfaa zaidi.

Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza mjamzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Mume kumsindikiza mkewe kunasisitizwa nchini, na kwa ndoa ya mpakani kuna faida ya ziada: anaweza kutafsiri. Hata hivyo, kutafsiri si kujibu kwa niaba yake. Yapo maswali ambayo mke hatayajibu mbele ya mume wala wifi, na muuguzi anayejua Kihangaza au Kirundi akipatikana, ni vyema wakaachwa wazungumze wawili.

Dalili za hatari zinapaswa kufundishwa nyumbani kwa lugha ya nyumbani: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, na mtoto kupunguza kucheza. Mke akishajua namna ya kuzitaja kwa Kiswahili, anaweza kuomba msaada hata siku mume yupo safarini.

Mtoto wa mila mbili

Akijifungua, pande zote mbili hufurahi na kila upande huleta lake. Kwao, ndugu na majirani huja kumtazama mzazi wakiwa na zawadi na uji. Huku pia uji upo, na ndizi laini, na supu. Kwa chakula cha mama, mila zote mbili zinastahili sifa.

Ugomvi huanza kwenye kinywa cha mtoto. Bibi mmoja anataka apewe maji, mwingine anataka uji akifika miezi mitatu kwa sababu "analia njaa". Hapa hakuna mila ya kushinda nyingine. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, apate yale maziwa ya mwanzo ya njano, na anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Baada ya hapo aanze chakula huku akiendelea kunyonya.

Na chakula hicho kisiwe ndizi tupu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu unawezekana hata kwenye nyumba yenye shamba zuri la migomba, maana ndizi hushibisha bila kutosheleza. Mtoto anahitaji maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, yai, mboga za majani, matunda na mafuta kidogo. Mawese ambayo mama yake aliyakosa yangemfaa, kwa kuwa yale mekundu yana vitamini A kwa wingi.

Biharamulo: kuhama bila kuvuka mpaka

Si lazima kuvuka mpaka ili uwe mgeni. Ukifuata barabara ya malori kutoka Rusumo hadi Lusahunga, wilayani Biharamulo, utakuta familia nyingi za Wasukuma waliohamia na mifugo yao, wakiishi pamoja na Wasubi na Wazinza. Mhangaza wa Ngara akiolewa huko, yeye ndiye mgeni sasa. Ndizi zinapungua, ugali unaongezeka, na kwenye ghala kuna michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kungoja kiangazi.

Ana ya kujifunza: viazi hivyo ni akiba, na vikiliwa na karanga au maharage vinamfaa hata mtoto. Ana ya kuleta pia. Kama kwao maziwa huchemshwa na kwa mumewe hunywewa mabichi, asiambiwe anajidai. Maziwa mabichi yanaweza kuambukiza kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba, na katika hili mgeni ndiye aliye sahihi.

Biharamulo pia imeonja hatari ya mtu kutofikiwa na taarifa. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani humo, na Machi 13 mlipuko ukatangazwa kumalizika. Katika majira kama hayo, kujua kutogusa majimaji ya mgonjwa na kutoosha maiti kunaweza kuokoa nyumba nzima. Mara nyingi anayeuguza nyumbani ni mke, na kama hakuelewa tangazo la redio, familia yote haikulisikia.

Karatasi ni sehemu ya afya

Baadhi ya familia huona kumfuatilia mke vibali ni kumtilia shaka. Yaliyotokea mwaka 2013 yanasema vingine. Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali ilipoendeshwa Kagera, Kigoma na Geita, miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu waliooa au kuolewa Tanzania na kuzaa. Zipo familia zilizogawanyika, mzazi mmoja ng'ambo na watoto huku.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Mume akifariki kabla mke hajaomba, mjane hubaki na safari ngumu zaidi, akiwa na watoto ambao ni Watanzania. Ajue pia kwamba Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo uamuzi ni wake na si wa ukoo. Mwanamume wa Burundi aliyeoa Ngara hana njia hiyo maalumu, na yeye anahitaji kuhalalisha ukaazi wake mapema. Asiye na karatasi huogopa ofisi zote, na huogopa hospitali pia. Anayeogopa huchelewa, na kwenye uzazi kuchelewa kunaua.

Ndoa isajiliwe, watoto wapatiwe vyeti vya kuzaliwa, na ushauri wa uraia uombwe ofisi ya uhamiaji ya wilaya wakati bado hakuna shida. Nyumbani, mama mkwe amuulize mkwe swali ambalo huulizwa mara chache: "Kwenu mzazi hulishwa nini?" Mume ajifunze kusema mbele ya wazee pale mkewe asipoweza. Wifi ampeleke kliniki ya kwanza na amwoneshe dirisha la dawa. Na mke mwenyewe asione haya kusema hajaelewa, maana muuguzi hawezi kujua kwamba aliyeitikia "ndiyo" mara tatu hakusikia hata moja.