Radi, Mvua na Asidi Nitriki

Sisi wanafunzi wa darasa la shimi tunapenda kuwaeleza jambo lililotupata majira ya mvua.

Usiku mmoja radi ilipiga mwembe karibu na nyumba ya mzee mmoja, ikaua mbuzi wawili wa jirani yake. Asubuhi watu walijaa mlangoni kwa mzee, wakisema ni yeye aliyeituma. Na sisi tulikuwa pale. Hatukurusha jiwe, lakini tulisimama pamoja nao, na wengine wetu tulicheka. Mzee hakutoka nyumbani siku tatu.

Juma lile lile mwalimu alitufundisha asidi nitriki. Maabara hatuna, tuna chaki na ubao. Alianza hivi: "Hewa munayovuta, sehemu 78 kwa mia ni azoti. Lakini azoti ni mkaidi, haishikane na oksijeni bure. Inataka moto mkali sana." Akauliza, hapa Ubwari moto wa namna ile uko wapi? Tukanyamaza. Akaonyesha dirisha, upande wa ziwa, mawingu yalikuwa yanakusanyika.

Ndani ya radi joto hufika kama digrii 30 000. Hapo azoti na oksijeni huungana kuwa oksidi ya azoti. Ikipoa huchukua oksijeni nyingine, inakuwa dioksidi ya azoti, gesi ya rangi ya kahawia. Mwisho, pamoja na maji, ni asidi nitriki. Mvua huishusha kidogo kidogo, na udongoni inakuwa nitrati, chakula cha mahindi na muhogo wetu.

Huko Norwei, mwaka 1905, Birkeland na Eyde walianza kuiga radi kiwandani Notodden: walipitisha hewa katika moto wa umeme. Lakini kazi ile ilikula umeme mwingi mno. Siku hizi viwanda hufuata njia ya Ostwald ya mwaka 1902: amonia na hewa hupita juu ya wavu wa platini wenye moto, oksidi inatoka, kisha inapelekwa kwenye maji.

Mwalimu akaandika: 3NO2 + H2O → 2HNO3 + NO. Mwenzetu mmoja akauliza: "Mwalimu, na hiyo NO moja inaenda wapi?"

"Haipotee. Kiwandani inakutana tena na hewa, inageuka, inarudi kwenye maji. Huko juu mawinguni njia ni nyingine kidogo, lakini asidi ni ile ile."

Akatuambia pia kwamba mwaka 1998 hadi 2013 setilaiti ilihesabu radi za dunia. Matokeo yalitoka mwaka 2016: mahali palipoitwa Kabare, huku kwetu mashariki mwa Kongo, palikuwa pa pili, radi 205 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka. Ni nani angeweza kuzituma zote hizo?

Hakuna aliyejibu. Jumamosi tulienda kwa mzee.

"Mzee, tumekuja kuomba radhi."

Alitutazama sana, kisha akasema: "Watoto, mvua ikianza, musisimame chini ya mwembe."

Ndugu wasomaji, nasi tunawaambia vile vile. Na radi ikipiga kwenu, musitafute mtu.