Hema Letu Mchangani

Wengi hudhani ya kwamba kupumzika pamoja na watoto ni desturi ya matajiri tu. Sivyo. Mwezi wa Julai uliopita, masomo yalipokwisha, sisi mume na mke tulikata shauri kuwapeleka watoto wetu wanne wakae siku tatu ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya mji wa Kalemie. Tulichukua hema la kuazima, mikeka, sufuria, unga wa muhogo na chumvi. Tulichukua pia maji yaliyochemshwa, kwa kuwa maji ya ziwa, ingawa ni maangavu, yaweza kuleta kipindupindu.

Tulipofika, tulimsalimu kwanza mkubwa wa kijiji, naye akatupa ruhusa. Hapo palikuwa na mzee mmoja mvuvi akishona wavu wake. Alitutazama tukishusha mizigo karibu na maji, akatuambia kwa upole: «Wanangu, msilale hapo. Pandeni juu, kwenye miembe ile. Siku hizi upepo wa kusini hauna rafiki.»

Tulimjibu: «Ndiyo, Mzee, asante.» Lakini mioyoni mwetu tulisema: sisi tumesoma, tumeona miji, mzee huyu anajua nini zaidi ya wavu wake? Tena watoto walitaka kusikia mawimbi wakiwa wamelala. Basi tukasimamisha hema palepale mchangani.

Jioni tulikula ndagala wabichi kwa ugali, kisha tukasali rozari. Baadaye tuliwafundisha watoto habari za ziwa lile: kwamba urefu wake hukaribia kilometa 670, kwamba kina chake chafika meta 1,470, kwamba mto Lukuga huyatoa maji yake pale Kalemie, yakaingia katika mto Kongo na kufika hata bahari ya Atlantiki. Watoto walistaajabu, nasi tukajiona walimu wakubwa.

Lakini kulikuwa na somo moja mbele ya macho yetu, nasi hatukulisoma. Usiku ule mwezi haukuwapo. Usiku wa namna hiyo wavuvi hutoka na taa zao kuvua ndagala, na ziwa hung'aa kama mji. Usiku ule hapakuonekana taa hata moja. Tulisema tu: «Tazameni, ziwa limetulia.»

Kabla ya mapambazuko upepo ukaja. Wimbi la kwanza lililowesha mikeka, la pili likang'oa vigingi, na hema likatuangukia sote. Tulitoka gizani tukiitana majina. Tuliwahesabu watoto: watatu. Tukahesabu tena: watatu. Mdogo wao, mwenye miaka mitano, hakuwapo.

Wazazi wenzetu, saa ile hatuwezi kuieleza vema. Mmoja wetu aliingia majini hata kiunoni, akipapasa kwa mikono. Mwingine alikimbia ufukoni huku na huku, akimwita mtoto na kumwita Bikira Maria kwa sauti moja. Mawimbi yalizifunika sauti zetu.

Ndipo tukaona taa ikija kutoka mitumbwini. Alikuwa mzee yule, na mtoto begani mwake. Aliposikia upepo aliondoka kitandani kuja kututazama, akamkuta mtoto akitembea gizani, akilia, akielekea kule kwenye ngurumo ya maji. Hakutulaumu hata kwa neno moja. Alisema tu: «Wanangu, njoni juu, moto unawaka.» Neno hilo lilituchoma kuliko lawama.

Asubuhi tuliokota sufuria na kuanika nguo chini ya miembe. Binti yetu mkubwa, ambaye mwaka huu anajitayarisha kupokea Kipaimara, alilitazama hema lililopasuka, akauliza: «Baba, hii siyo ile nyumba iliyojengwa mchangani?» Hatukuwa na jibu. Mfano huo wa Bwana wetu tunaujua tangu utoto; sisi wenyewe ndio tuliomfundisha.

Tena katika mwaka 2024 tuliona ziwa hilohilo likipanda na kuingia katika nyumba za watu, Kalemie na Uvira. Tuliyajua hayo yote. Hatukukosa elimu, tulikosa masikio, kwa sababu aliyesema nasi alivaa nguo zilizochakaa.

Tulimwomba mzee radhi mbele ya watoto wetu. Ilikuwa vigumu, lakini walitusikia tukimjibu vizuri kwa kinywa siku ya kwanza. Ilifaa watusikie tukimjibu kwa moyo pia. Siku mbili zilizobaki tulilala chini ya miembe, naye alikuja kila jioni kuwafundisha watoto majina ya pepo.

Wapenzi, wapelekeni watoto wenu ziwani, wafurahie kazi ya Muumba. Lakini mkifika, kabla ya kufungua mizigo, muulizeni mwenye nyavu mahali pa kulala. Akiwajibu, fanyeni alivyosema.