Felipe Alou, kocha aliyeandikwa jina la mama

Leo naweka kando mpira wa miguu. Kuna kocha wa besiboli, ule mchezo wa gongo na mpira mdogo, anaitwa Felipe Alou. Alizaliwa 1935 katika Jamhuri ya Dominika. Kwao mtu hubeba majina mawili, la baba kwanza, kisha la mama, naye ni Rojas Alou. Timu ya Giants ya Marekani ilipomwandikisha, walidhani Alou ndilo la baba. Likabaki hivyo. Wadogo zake Matty na Jesús wakaingia na jina hilohilo, na Septemba 1963 walicheza wote watatu pamoja.

Ninaposoma redioni majina ya waliokimbia vita, namkumbuka. Mama mmoja aliniambia jina lake limegeuzwa kwenye orodha ya chakula, halifanani na kadi yake ya uchaguzi. Mara mbili amerudi mikono mitupu. Alou kosa halikumnyima kazi. Huyu mama amenyimwa unga.

Alicheza misimu 17. Mei 1992 Montreal Expos wakamfanya kocha mkuu, Mdominika wa kwanza katika ligi kuu. Mwaka 1994 walikuwa wameshinda mechi 74 na kupoteza 40. Hakuna timu iliyowazidi. Tarehe 12 Agosti wachezaji wa ligi nzima wakagoma, wakivutana na wenye timu juu ya mishahara. Msimu ukafutwa. Alichaguliwa kocha bora wa mwaka katika ligi yake, lakini kombe halikuchezwa. Mwaka 2003 alirudi Giants kama kocha, hadi 2006, bado wakimwita Alou.