Motokari ikisimama, nini inaishika?

Juma hili tunawaletea habari ya nyumbani kwetu, ili nyumba nyingine isipite pale tulipopita sisi.

Tuna Land Cruiser ya zamani. Ndiyo inayotufikisha shambani upande wa Kafubu, na wakati wa kurudi inabeba mihogo, makala, watoto wetu na wa majirani. Magurudumu ya mbele yana freni za diski, ya nyuma yana tamburi. Masika yakianza, maji na matope yanaingia ndani ya tamburi, na vile vipande vinavyobana vikilowa havikamati tena vizuri. Mwezi wa Januari, tukishuka kuelekea daraja, tulikanyaga freni na motokari ikaendelea kama haikusikia.

Fundi mmoja akatushauri tuondoe tamburi, tuweke diski na nyuma. Diski iko wazi, alisema, maji yanaruka, inakauka upesi. Maneno hayo ni ya kweli. Tukachukua pesa tulizoweka kwa ajili ya minervali ya watoto, tukamlipa. Freni zikakamata vizuri hata kwenye matope, tukafurahi.

Lakini freni ya mkono ilikuwa inapanda nyepesi, bila kushika. Tuliona, tukasema tutauliza kesho. Siku ya nane baba watoto akasimamisha motokari kwenye mteremko karibu na lupango letu, akaivuta, akaingia kunywa maji. Hakuacha gia ndani, hakuweka jiwe. Motokari ikaanza kurudi nyuma polepole, na kadogo wetu alikuwa anachezea pale. Mama jirani alipiga kelele, akamvuta mkono. Ukuta ulianguka. Mtoto alipona.

Kumbe kwenye motokari yetu waya wa freni ya mkono unaingia ndani ya tamburi na kusukuma vipande vilevile. Tamburi zilipotoka, waya ulibaki bila kazi, umefungwa chini kwa kamba. Fundi hakutuambia, nasi hatukumuuliza.

Fundi wa pili alituonyesha kwamba kuna diski zenye tamburi ndogo katikati kwa ajili ya freni ya mkono, na kuna vibanio vya diski vyenye mahali pa kufunga waya. Bei ilitushinda. Tulirudisha tamburi, tukaweka vipande vipya, tukakaza vizuri. Sasa tukitoka majini tunakanyaga freni polepole mara kadhaa mpaka zikauke.

Minervali tuliilipa kwa kuchelewa. Sisi tunaosimama darasani na kusoma majina ya wasiolipa, safari hii tulisikia majina ya watoto wetu yakisomwa.

Basi, wamama, siku fundi anapobadilisha freni nyumbani kwako, usiulize tu kama motokari itasimama. Uliza pia: ikisha kusimama, nini itaishika? Umwombe akuonyeshe kwenye mteremko, kabla hujalipa.